Akaunti ya Binamu na Namba Inayoanza na Tisa

Miongoni mwa wenzetu wa Afrika Mashariki wanaoishi Marekani bila namba ya Social Security, yaani namba ya hifadhi ya jamii ambayo wengi huiita Social tu, imeota mizizi desturi ya kuendesha maisha ya kifedha kwa jina la mtu mwingine: fedha zinawekwa kwenye akaunti ya binamu, laini ya simu imesajiliwa kwa shemeji, na mkopo wa gari umechukuliwa na rafiki wa kanisani. Sidharau undugu huo, kwani umewasitiri wengi. Hata hivyo, naamini tumeugeuza kuwa kisingizio cha kutotafuta ITIN, namba ya mlipakodi ambayo idara ya mapato ya nchi hiyo, IRS, imekuwa ikiitoa tangu mwaka 1996 kwa mtu anayeihitaji kwa shughuli za kodi lakini hastahili kupata Social.

Namba hiyo ina tarakimu tisa, ya kwanza ikiwa daima 9, na kazi yake ni kodi tu. Haimpi mtu kibali cha kazi wala ukaazi. Wala si kila mgeni anayeihitaji: mkimbizi wa Kongo aliyetokea kambi ya Nyarugusu au Kakuma, na aliyeshinda bahati nasibu ya green card, wanastahili Social tangu wanapoingia nchini. Nadhani hapa ndipo upotoshaji unapozaliwa, maana washauri wetu wakubwa msikitini, kanisani na kwenye makundi ya WhatsApp ni hao hao walioipata Social mapema, ambao hawajawahi kusimama mbele ya karani wa benki bila namba hiyo, na bado wanatamka kwa uhakika kabisa kwamba haiwezekani kufungua akaunti bila Social.

Inawezekana. Kanuni za kumtambua mteja, zilizotokana na sheria iliyopitishwa mwaka 2001 baada ya mashambulizi ya Septemba, zinaitaka benki ipate jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na namba ya utambulisho; na kwa asiye raia, namba hiyo yaweza kuwa ya mlipakodi au ya pasipoti pamoja na nchi iliyoitoa. Benki inayokataa inafuata sera yake yenyewe, kwa hiyo jibu ni kwenda benki nyingine, au kwenye vile vyama vya kuweka na kukopa ambavyo Mkenya au Mtanzania angevitambua mara moja kuwa ni SACCO. Bima ya amana ya hadi dola 250,000 haiulizi uraia wa mwenye akaunti. Fedha zilizo kwa binamu, kinyume chake, zinahesabiwa kuwa za binamu siku atakaposhtakiwa kwa deni, atakapoachana na mkewe au atakapofariki. Tena tangu Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa anayetuma fedha nje ya nchi kwa kulipa taslimu, ilhali anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani haimgusi.

Kwenye mikopo, mazoea ya nyumbani yanatudanganya. Mkenya anaijua CRB, ofisi ya kumbukumbu za mikopo, kama mahali unapopelekwa ukishindwa kulipa, kwa hiyo kutoandikwa popote kwake ni heri. Marekani kutoandikwa popote ni tatizo. Alama za FICO, ambazo wakopeshaji hupimia uaminifu wa mkopaji, hutegemea historia ya malipo kwa asilimia 35 na kiasi cha deni kwa asilimia 30, na hazitolewi kabla hujawa na angalau akaunti moja ya mkopo iliyodumu miezi sita. Mama anayetoa mchango wa chama cha akiba kila mwezi bila kukosa ni mkopaji mwaminifu kuliko wengi, lakini kampuni za taarifa za mikopo hazimwoni. Njia ya kuanzia ni kadi ya mkopo yenye dhamana, ambapo unaweka amana, tuseme dola 300, na kiasi hicho ndicho kinachokuwa kikomo chako. Baadhi ya watoaji hupokea ITIN. Jambo moja dogo linaloleta usumbufu mkubwa ni majina yetu matatu: jina la babu likiandikwa mahali pamoja na kuachwa pengine, taarifa zako zinaweza kugawanyika kama za watu wawili. Chagua namna moja, ile ya pasipoti, na uishikilie.

Namba yenyewe huombwa kwa fomu W-7, ambayo kwa kawaida hutangulizwa juu ya ritani, yaani tamko la kodi la mwaka, fomu 1040, ambamo nafasi ya Social imeachwa tupu, kisha vyote vinapelekwa Austin, Texas. Wengi wanaogopa kuiachia pasipoti yao halisi kwenye posta, na hofu hiyo ina haki. Ndiyo maana wapo mawakala walioidhinishwa na IRS kuithibitisha na kukurudishia papo hapo. Majibu huchukua takribani wiki saba, zaidi msimu wa kodi, na ITIN isiyotumika kwenye ritani kwa miaka mitatu mfululizo hukoma. Faida yake si ya kufikirika: mhandisi mwenye viza ya kazi ya H-1B ambaye mkewe hana Social anaweza, kwa ITIN ya mkewe, kuwasilisha ritani ya pamoja na kupunguziwa dola 31,500 za mapato ya mwaka 2025 kabla ya kodi, badala ya 15,750 akiwasilisha peke yake. Mkaazi wa kikodi, yaani anayehesabiwa mkaazi kwa ajili ya kodi, hutangaza mapato ya dunia nzima, pamoja na kodi ya pango ya nyumba ya Kitengela au Mbezi. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, lakini kilicholipwa KRA au TRA kinaweza kudaiwa kama nafuu kwenye kodi ya Marekani.

Hofu ya asiye na karatasi za ukaazi siipuuzi. Aprili 2025 Wizara ya Fedha ya Marekani na ile ya Usalama wa Ndani zilitia saini makubaliano yaliyofungua njia ya taarifa za walipakodi kufika kwa maafisa wa uhamiaji, na suala hilo likaishia mahakamani. Mtu wa namna hiyo amwone wakili wa uhamiaji kabla ya kutuma chochote, wala asimsikilize mjuaji yeyote wa WhatsApp, nami nikiwemo.

Na anayefanikiwa kupata Social baadaye aache mara moja kutumia ITIN, aiandikie IRS ili kumbukumbu zake za kodi ziunganishwe, kisha aijulishe benki na kampuni za taarifa za mikopo, maana kuhama kwa historia hiyo hakufanyiki kwenyewe.