Tumbawe Lako Halikufa kwa Maji, Umelichoma kwa Taa

Kwenye makundi ya mtandaoni ya tunaofuga matumbawe kwenye matangi ya nyumbani, picha ni ileile kila wiki. Acropora, tumbawe gumu la matawi, iliyokuwa zambarau Jumamosi, Jumatano imekuwa nyeupe kama chokaa, na mwenye tangi anaapa alifuata kila hatua ya kulizoesha: mfuko uliolileta aliuacha uelee tangini, kisha akalidondoshea maji ya tangi tone kwa tone kwa muda wa saa tatu. Majibu yanamiminika. Pima fosfeti! Pima nitreti! Badilisha maji! Hakuna hata mmoja anayeuliza taa ilikuwa asilimia ngapi.

Saa tatu za matone, kwa ajili ya nini hasa? Joto linasawazika mfuko ukielea dakika 15 hadi 20, mpaka ufike kwenye 25°C yako. Chumvi pima kwa refraktomita: kama mfuko ni 1.025 na tangi ni 1.025, unadondosha nini? Tofauti ikiwa kubwa, tuseme 1.021 kwa 1.026, chukua mpira mwembamba, ufunge fundo, upate matone 2 hadi 4 kwa sekunde, nusu saa mpaka dakika 45. Zaidi ya hapo ndoo inapoa sakafuni na mkono mmoja unabomoa ulichojenga mwingine. Na alkalini, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, unaopimwa kwa dKH? Tumbawe lililozoea 11 dKH dukani halifundishwi kuishi kwenye 7 kwa ndoo ya jioni moja. Hilo uliza kabla hujalipa.

Sasa taa. Baada ya uangalizi wote huo wa matone, mtu analibandika tumbawe kileleni mwa jiwe, inchi chache chini ya taa ya LED inayowaka kwa nguvu zote, usiku uleule. Limetoka kukaa gizani ndani ya boksi siku nzima au mbili! Mwani ulio ndani ya nyama yake hujipanga kulingana na mwanga uliouzoea, na kujipanga upya huchukua wiki, si saa. Ukiupiga PAR 350 ghafla (PAR ni kipimo cha mwanga ambao mwani huutumia), mwani huo unazalisha oksijeni kali kuliko nyama inavyoweza kuistahimili, na tumbawe linaufukuza mwani wake lenyewe. Linabaki mfupa unaoonekana kupitia ngozi. Ni kupauka kulekule kulikoipiga miamba ya pwani yetu mwaka 1998, ila kule bahari ilichemka. Kwako mhalifu ni kidole chako kwenye programu ya taa.

Kwa hiyo siku ya kwanza zima taa, au bakiza mwanga wa chumbani tu. Kesho yake liweke mchangani, penye PAR 50 hadi 100, hata kama makazi yake ya mwisho ni 300. Likae wiki nzima bila kuguswa. Kisha lipande ngazi moja, takriban PAR 50 zaidi kila wiki, mpaka lifike. Euphyllia, tumbawe la minyiri mirefu, wala haihitaji safari ndefu: 100 hadi 150 inaitosha.

Baada ya siku hiyo ya kwanza, usipunguze taa ya tangi zima kwa ajili ya mgeni mmoja, maana wenyeji nao wataanza kununa. Kata wavu wa mbu wa dirishani, wa plastiki, si wa chuma, ukunje mara tatu au nne, uutandaze juu ya tangi pale alipo mgeni tu, na uondoe tabaka moja kila baada ya siku nne au tano. Kifaa cha bei ya soda, lakini nani atakitangaza?

Rangi itazame chini ya taa nyeupe, kwa sababu bluu inadanganya. Likianza kufifia kutoka juu, mwanga umezidi, lishushe leo, usingoje kesho. Likigeuka kahawia, mwani umeongezeka, halifi; tuliza moyo. Nyama ikichubuka kuanzia chini kwenda juu, hapo nakubali shingo upande, taa huenda haina hatia: kaangalie alkalini na mkondo. Na ndiyo, kipande kilichokuzwa kwenye PAR 300 na kubebwa dakika 20 kutoka kwa jirani kinaweza kupanda juu mapema. Wangapi kati yenu mnaijua PAR ya jirani?

Kuliogesha tumbawe jipya dawa ya kuua wadudu ni lazima, kabla halijaingia tangini: kwenye chombo cha pembeni, dakika 5 hadi 10 kama lebo inavyosema, huku ukilipulizia maji kwa bomba. Kitako kilichogundishwa tumbawe kikate ukitupe, kwa kuwa mayai ya minyoo bapa hayafi kwa dawa; rudia baada ya siku saba. Maji ya mfuko yasiingie tangini hata tone. Zoanthid na Palythoa, jamaa wa matumbawe wasio na mfupa, zishike kwa glavu na miwani, sumu yake si ya mzaha. Na wewe unayewaza kubeba tawi kutoka Kisite, pwani ya kusini ya Kenya, ndani ya begi: ile ni hifadhi ya bahari, na matumbawe yote ya mawe yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Acha.

Kipimo cha PAR ni ghali, sibishi. Kikodi au kiazime wikendi moja, pima sehemu kumi, mchangani, katikati na kileleni, kisha bandika namba hizo ndani ya mlango wa kabati la tangi. Fanya hivyo kabla ya kuagiza, si siku boksi limeshafika mlangoni.