Mtihani umeshasema mtoto amekwama wapi, sasa rimidio, haya masomo ya ziada ya kumwinua aliyebaki nyuma, ya nini hii?

Grupu ya wazazi imewaka moto tangu juzi, manake watoto wa gredi ya 5 walifanya mtihani wa hesabu kwa tableti na mama mmoja kagundua mwanawe na wa jirani wote wamepata nusu ya maswali, lakini mmoja kaandikiwa amefikia matarajio na mwengine chini ya matarajio. Weh! Maneno yaliyotoka hapo siyaandiki.

Jamani, hapo mwauonea mtihani bure. Ule si wa karatasi, wote maswali sawa. Mtoto akipata, swali linalofuata lazidi ugumu, akikosa ashushiwa jepesi, hivyo hivyo mpaka afike mahali apata moja akosa moja, kwa hivyo karibu kila mtu ataishia nusu! Kinachoangaliwa ni ugumu wa yale aliyoyapata. GMAT ya wanaotaka kusomea biashara ng'ambo imekuwa hivyo tangu 1997 na hakuna aliyekufa. Haya, hesabu za maneno ni Kiingereza kitupu, asiyeelewa swali mashine yadhani hajui hesabu, hilo nawapa.

Mimi hasira zangu ziko kwengine. Wangu, 403 toa 178 aandika 375. Hebu angalieni: 8 toa 3, 7 toa 0, 4 toa 1. Kila safu achukua kubwa atoa ndogo, hajali ipi iko juu ipi iko chini. Mjinga si mjinga, ana kanuni yake na aifuata barabara! Kukopa hakukumuingia tangu madarasa ya chini, na ikija sifuri hapo katikati ndio kabisa, kwani utakopa vipi kwa jirani asiye na kitu? Na mtihani uliona, ripoti yasema wazi: kutoa kwa kukopa.

Sasa rimidio ya Jumamosi, ambayo nailipia na mtoto aikimbilia akitoka madrasa hata chai hajanywa, walifundisha nini? Sehemu. 3/4 jumlisha 2/5. Eti kwa sababu darasa limefika huko. Hilo ni somo la Ijumaa limevishwa kanzu nyengine, basi.

India, Mumbai na Vadodara, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto wa darasa la 3 na la 4 waliobaki nyuma walikuwa wakitolewa darasani kama saa 2 kwa siku, wakae na dada wa mtaani aliyemaliza sekondari tu, awarudishe kwa yale ya chini yaliyowapita. Alama zikapanda. Vadodara wakajaribu na kompyuta pia, michezo ya hesabu inayofuata uwezo wa mtoto, nako zikapanda. Najua walimu wetu wamelemewa, madarasa yamejaa hadi mlangoni, lakini Jumamosi wanaokuja ni wachache na ripoti iko mezani, wawagawe kwa walipokwama, huyu kukopa, yule kuzidisha. Kwani hilo lataka bajeti ya serikali?

Pesa ya mwezi huu sijatoa. Nikionyeshwa daftari lina hesabu za kukopa, nalipa siku hiyo hiyo, na ya mwezi ujao juu.