Tazameni skrini kabla ya prosesa

Makala yenu imepanga vifaa vya gemu vya mkononi kwa nguvu ya prosesa, yaani chipu inayoendesha kifaa, na Steam Deck ikawekwa juu kabisa. Kwa anayetaka kuchezea humo gemu za mashine za zamani kama PlayStation 2 au GameCube, sawa. Lakini kwa gemu za zamani zaidi ya hizo, skrini ndiyo yenye kauli. Game Boy Advance, kifaa cha mkononi cha zamani cha Nintendo, ilichora picha ya pikseli (nukta za picha) 240 kwa 160. Anbernic RG34XX, kifaa kipya cha kuchezea gemu hizo za zamani, ina skrini ya 720 kwa 480, yaani mara 3 kamili kila upande, kwa hiyo kila nukta inakaa mahali pake bila ukungu. Miyoo Mini Plus, kifaa kingine cha aina hiyo, ina 640 kwa 480; ukiitanua picha ileile ijaze upana, hesabu haigawanyiki, na mistari huonekana kuyumbayumba mandhari yanaposogea. Ila kwa Super Nintendo na PlayStation ya kwanza Miyoo inapendeza mno, maana umbo la 4 kwa 3 ndilo la televisheni za enzi zile. Steam Deck ina zaidi ya gramu 600, jamani, hiyo haiingii mfukoni! Na vitufe vya mishale je? Gemu za mapigano zinavitegemea kuliko kijiti, lakini makala haikuvigusa kabisa. Naomba mwandishi avipime navyo.