Perugia 2007: Usiku wa mahojiano na kulabu iliyookotwa baada ya siku 46

Alfajiri ya Novemba 6, 2007, polisi wa Perugia, mji wa wanafunzi katikati ya Italia, walifika nyumbani kwa Diya Lumumba, Mkongo aliyekuwa akiendesha baa iitwayo Le Chic, wakamkamata mbele ya familia yake. Siku nne kabla, Meredith Kercher, mwanafunzi Mwingereza wa miaka 21, alikuwa amekutwa chumbani kwake ameuawa kwa kuchomwa kisu shingoni. Hakuna alama yoyote ya Lumumba iliyopatikana katika chumba hicho, wakati ule wala baadaye. Alikamatwa kwa sababu usiku huo jina lake lilikuwa limetajwa kituoni na Amanda Knox, Mmarekani wa miaka 20 aliyekuwa akiishi nyumba moja na marehemu na akifanya kazi katika baa hiyo.

Watu wamebishana juu ya kesi hii kwa miaka mingi, na karibu kila mara mabishano hugawanywa mafungu mawili: polisi walimhoji Knox kwa haki au kwa mabavu, na vinasaba vilivyopatikana vina uzito au havina. Naona kuyatenganisha hayo mawili ndiko kunakotupoteza. Yaliyosainiwa usiku wa mahojiano ndiyo yaliyoamua polisi waende kutafuta nini, kwa nani, na wakikipata wakisome vipi.

Tuanze na usiku wenyewe. Aliyeitwa kituoni Novemba 5 hakuwa Knox bali mpenzi wake, Raffaele Sollecito, Mwitaliano wa miaka 23. Knox alimsindikiza tu. Sollecito alipobanwa aligeuza maneno, akasema hawezi kuthibitisha kwamba Knox alikuwa naye usiku kucha. Hapo polisi wakamgeukia msichana. Waliichukua simu yake wakakuta ujumbe aliomwandikia Lumumba usiku wa mauaji. Lumumba alikuwa amemwambia asije kazini kwa kuwa wateja ni wachache, naye akajibu kwa Kiitaliano chake cha kujifunza kwamba wataonana baadaye, usiku mwema. Polisi wakausoma kama miadi. Saa 7:45 usiku alisaini maelezo kwamba alikutana na Lumumba, wakaenda nyumbani, na Lumumba akamuua Meredith. Saa 11:45 alfajiri akasaini ya pili mbele ya mwendesha mashtaka Giuliano Mignini. Hakuwa na wakili mara zote mbili, na hakuna rekodi ya sauti wala video ya mahojiano hayo iliyowahi kuletwa mahakamani.

Upande wa polisi una hoja, na si haki kuzipuuza. Walisema Knox alikuwa shahidi, si mtuhumiwa, na shahidi hahitaji wakili. Walisema alitendewa vizuri, akapewa chai ya kamomile na keki, na kwamba alipoonyeshwa ule ujumbe alivunjika mwenyewe, akalia, akamtaja Lumumba bila kulazimishwa. Knox alisema alizomewa kwa saa nyingi, akapigwa makofi kisogoni, akaambiwa kwamba huenda mshtuko umemsahaulisha aliyoyaona. Hilo la mwisho lina mashiko zaidi ya anavyokiri upande wa mashtaka, kwa sababu mkalimani mwenyewe alieleza mahakamani kwamba alimsimulia Knox jinsi yeye alivyowahi kuvunjika mguu na kumbukumbu yake ikavurugika. Mkalimani wa polisi kazi yake ni kubeba maneno kutoka lugha moja kwenda nyingine. Akianza kumpa anayehojiwa sababu ya kuamini kwamba amesahau mauaji, amekwisha kuingia upande mmoja wa meza.

Januari 24, 2019, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Italia ilikiuka haki za Knox usiku ule: alinyimwa wakili, mkalimani alivuka mipaka yake, na madai yake ya kupigwa hayakuchunguzwa. Ila majaji hao hao walisema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba alipigwa kweli. Watetezi wake hupenda kunukuu nusu ya kwanza tu.

Na kuna jambo ambalo hata mimi ninayeyakosoa mahojiano hayo siwezi kulifumbia macho. Mchana wa Novemba 6, polisi wakiwa hawamhoji tena, Knox aliandika barua kwa mkono wake, kwa Kiingereza, lugha aliyozaliwa nayo. Humo anasema ana shaka kubwa na aliyoyasaini, yanamjia kama ndoto. Lakini hakuandika kwamba Lumumba hana hatia. Mtu aliye huru akili anamwondoa asiye na hatia kwanza, wasema wanaomlaumu. Wanaomtetea wanajibu kwamba barua hiyo ni ya mtu ambaye bado hajajua lipi ni kumbukumbu yake na lipi amepandikizwa. Mimi naisoma kama mwisho wa mahojiano yale yale: saa chache tu zilikuwa zimepita, na alikuwa bado chini ya ulinzi, bila wakili.

Asubuhi hiyo mkuu wa polisi wa mji aliwaambia waandishi wa habari kwamba mwanzoni Mmarekani huyo alitoa maelezo ambayo polisi walijua si sahihi, kisha akalegea na kueleza mambo ambayo wao tayari walijua kuwa ni kweli. Yasikilizwe vizuri maneno hayo. "Walijua" vipi? Majibu ya maabara yalikuwa hayajatoka. Alichokuwa akikisifia mkuu huyo ni kwamba shahidi hatimaye alisema walichokuwa wakikiamini wao. Na walichokuwa wakikiamini kilikuwa uongo, kwa sababu Lumumba alikuwa nyuma ya kaunta yake akihudumia wateja. Mmoja wao, profesa kutoka Uswisi, alitoa ushahidi kwamba alizungumza naye baani usiku ule. Hata hivyo Lumumba alikaa ndani wiki mbili.

Alitolewa Novemba 20, siku ile ile aliyokamatwa Ujerumani Rudy Guede, kijana mzaliwa wa Ivory Coast aliyekulia Perugia. Hapa maabara ilifanya kazi yake bila ubishi wa maana: alama ya kiganja chake kwa damu kwenye foronya, vinasaba vyake ndani ya mwili wa marehemu, kwenye sidiria, kwenye mkono wa nguo na kwenye mkoba. Alihukumiwa Oktoba 2008 miaka 30, ikapunguzwa hadi 16, akamaliza kifungo 2021. Kwa mantiki ya kawaida, kupatikana kwake kulipaswa kuifumua hadithi yote ya usiku wa Novemba 5 ili ishonwe upya. Badala yake aliingizwa kwenye nafasi ya Lumumba, na Knox na Sollecito wakabaki walipokuwa.

Kuwaweka hapo kulihitaji vinasaba vyao, na vilivyoletwa ni viwili.

Cha kwanza ni kisu cha jikoni kilichochukuliwa Novemba 6 kwenye droo nyumbani kwa Sollecito. Kwenye mpini kulikuwa na vinasaba vya Knox, jambo lisilo la ajabu kwa mtu aliyekuwa akipika huko. Kwenye bapa, Patrizia Stefanoni wa maabara ya polisi mjini Roma alisema alipata vinasaba vya Meredith. Kiasi chenyewe kilikuwa kidogo hadi kipimo kiliandika kwamba hakitoshi, na kipimo cha damu kilikataa. Aliendelea hata hivyo, akapata picha ya vinasaba inayolingana na ya marehemu, lakini sampuli ilikuwa imekwisha na hakuweza kurudia. Upande wa mashtaka ulijibu kwamba sampuli za Meredith zilikuwa zimepimwa maabarani siku sita kabla, hivyo si rahisi ziwe zimeambukiza kisu. Hoja hiyo ina nguvu kiasi. Bado, kipimo kisichorudiwa kwa kiasi kidogo namna hiyo hakiwezi kubeba kifungo cha miaka 26, ambayo ndiyo Knox aliyopewa Desemba 2009. Mwaka 2013 wataalamu wa Carabinieri, polisi wa kijeshi wa Italia, walipima chembe nyingine iliyobaki kwenye kisu hicho: vilikuwa vya Knox tena, si vya Meredith.

Cha pili ni kile kipande kidogo cha sidiria chenye kulabu, na hapo ndipo kesi nzima inaonekana kwa karibu. Wapelelezi walikiona sakafuni siku za mwanzo, wakakipiga picha, wakakiacha. Walikirudia Desemba 18, siku 46 baada ya mwili kukutwa, kikiwa kimesogea zaidi ya mita moja kutoka kilipokuwa. Katika muda huo watu walikuwa wameingia na kutoka, vitu vimepinduliwa. Video ya polisi wenyewe inaonyesha kulabu ikipita mikononi mwa zaidi ya mtu mmoja, ikirudishwa sakafuni ipigwe picha, na glavu inayoishika ina doa. Kwenye kulabu hiyo vilitajwa vinasaba vya Sollecito. Stefano Conti na Carla Vecchiotti, wataalamu walioteuliwa na mahakama ya rufaa, waliona humo pia vinasaba vya wanaume wengine wasiojulikana. Walipotaka kuipima upya wakaikuta imeota kutu kwa jinsi ilivyohifadhiwa.

Jibu la mashtaka ndilo gumu kuliko yote, na wengi hulikwepa. Wanauliza: kama vilihamia hapo, vilitoka wapi? Katika nyumba yote, vinasaba vya Sollecito vilipatikana kwenye kipande cha sigara tu, na kuchafuliwa kwa sampuli si neno la kutupwa hewani, lazima mtu aonyeshe njia. Ni hoja iliyozishawishi mahakama: Machi 2013 Mahakama ya Juu ilifuta uamuzi wa mahakama ya rufaa wa 2011 wa kuwaachia, na Januari 2014 mahakama ya Florence ikawatia hatiani tena. Kwangu hoja hiyo inaugeuza mzigo. Anayepaswa kuonyesha njia ya kitu tangu kilipookotwa hadi maabarani ni yule aliyekiacha sakafuni siku 46. Sollecito hakuwa na ufunguo wa nyumba iliyozingirwa na polisi. Tena ilikuwa imekwisha kutokea: alama ya kiatu chumbani ilinasibishwa na Sollecito, ikaja kuonekana ni ya kiatu cha Guede.

Machi 27, 2015 Mahakama ya Juu iliwaachia wote wawili moja kwa moja, na katika sababu zilizotolewa Septemba ikawalaumu wapelelezi kwa makosa ya wazi. Anayetaka picha kamili asiishie hapo. Hukumu hiyo hiyo inasema Knox alikuwa ndani ya nyumba wakati wa mauaji, na hukumu za Guede zilisema hakuua peke yake. Wanaoamini vijana wale waliponyoka hawajabuni hayo, yamo katika maandishi ya mahakama. Lakini sehemu ya imani kwamba alikuwepo imeegemea maneno yake mwenyewe ya usiku ule na barua ya mchana wake, kwa hiyo mahojiano yaliyoonekana na Mahakama ya Ulaya kuwa na kasoro yakaendelea kuhesabiwa kwa mlango wa nyuma.

Kilichobaki dhidi ya Knox ni kosa la kumsingizia Lumumba, miaka mitatu aliyokwisha kuitumikia. Baada ya uamuzi wa Ulaya kesi hiyo ilifunguliwa upya. Juni 5, 2024 mahakama ya Florence ilimtia hatiani tena kwa kutegemea ile barua ya mkono tu, na Januari 23, 2025 Mahakama ya Juu ikaidhinisha. Sioni vibaya Lumumba kupata hukumu inayosema wazi kwamba alionewa; alipoteza uhuru wake na baa yake ikaathirika, na alistahili kuisikia mahakama ikilisema. Ninachokiona kibaya ni kwamba katika hukumu zote hizo aliyemkosea ni mmoja tu, msichana wa miaka 20. Waliousoma ujumbe wa simu kama miadi, waliomhoji bila wakili, waliokwenda kumkamata kabla ya kuuliza hata mteja mmoja wa Le Chic alikuwa wapi usiku ule, hakuna aliyehukumiwa kwa alichofanyiwa Lumumba.