Ukitembea Migosi, Umefilisika

Daktari ndiye aliyenichokoza. Nimempelekea kijana wangu wa gredi ya nne, ana kikohozi, yeye ameacha kikohozi ananiuliza shule iko umbali gani. Kilomita moja na nusu. Huenda na nini? Na tuktuk. Akaniangalia kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani kwapani. Akasema Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 achangamshe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. "Mtembeze, baba. Dawa hiyo haiuzwi."

Nikarudi nyumbani na kiburi, nikamhutubia mama watoto. Nikamwambia Kipchoge, yule bingwa wa marathoni, ni wa Kapsisiywa, huko huko Nandi ambako milima yake tunaiona tukiwa hapa mtaani Migosi, Kisumu. Shule alienda kwa miguu yake, na mwaka wa 2019 kule Vienna akamaliza kilomita 42 na ushee kwa saa 1:59:40. Mama watoto akageuza chapati. "Na wewe Baba Ochi, mara ya mwisho kukimbia ulikuwa unafukuzwa na nani?"

Jumatatu tukatoka. Hatua mia mbili hazijaisha, mama mboga: "Baba Ochi, tuktuk imeharibika?" Hapana mama, tunatembea tu. "Woi, pole. Mungu atafungua mlango." Mbele kidogo, mtu wa nduthi, yaani bodaboda: "Mzee, panda, utalipa mwisho wa mwezi." Jirani akateremsha kioo cha gari, akaniuliza kwa sauti ya matanga, "Lakini kazi bado iko?"

Hii sheria sijui ilitungwa na nani. Ukitembea jioni umevaa traki na umeshika chupa ya maji, hayo ni mazoezi, unaheshimiwa. Ukitembea asubuhi na mtoto, hiyo ni shida, unaombewa.

Na njia yenyewe! Ile sehemu ya wenda kwa miguu imejaa viatu vya mitumba na karai la mandazi. Pale palipobaki, nduthi imepanda kukwepa foleni, halafu inakupigia honi wewe. Kuvuka barabara ya Kakamega pale Kondele nilimshika kijana mkono mpaka akaniambia vidole vimekufa ganzi. Juu yetu magari yanapita kwenye daraja lake zuri. Sisi tuko chini tunasoma macho ya madereva.

Mtoto alitembea vizuri, tena akipiga mluzi. Mimi ndiye niliyesimama mara tatu. Mara ya tatu nikainama, nikasema nafunga kamba.

"Baba, hivyo viatu havina kamba."

Kufikia Jumatano mtaa ulikuwa umegundua kwamba sijafilisika, nimeamua tu. Hapo huruma ikaisha, biashara ikaanza. Mama mboga akaniletea watoto wake wawili, "kwa kuwa unapita." Yule wa kioo cha gari akaleta mmoja, eti petroli imepanda. Ijumaa nilikuwa na watoto tisa, mmoja anataka kukojoa, mmoja amesahau kalamu, mmoja ameketi chini kwa sababu amechukia. Nikubali jambo moja: nduthi isiyopunguza mwendo kwa mtoto mmoja hupunguza ikiona tisa wamepanga mstari na baba mzima mbele yao amenyoosha mkono. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na ndilo lililonizuia kuwarudisha kwao.

Lakini mikoba. Watoto wa siku hizi wanabeba vitabu, udongo wa kufinyanga, chupa tupu za sanaa, na siku moja gunia zima la maganda ya mahindi ambalo mwalimu alilitaka kabla ya saa mbili. Wakichoka wananipa mimi. Nilifika langoni na mikoba minne kama punda wa maji, askari wa shule akaniuliza naleta mzigo wa nani.

Yule mtu wangu wa tuktuk, ambaye nilikuwa namkwepa kwa aibu ya kumnyima riziki, ndiye aliyeniokoa. Sasa watoto wanatembea, mimi natembea, na nyuma yetu tuktuk inakuja polepole imejaa mikoba. Nauli ni ile ile. Nilipolalamika, akanijibu, "Mzee, mtoto nilikuwa namweka kwa paja la mwenzake. Mkoba unakataa."