Ninachokiogopa ni friji

Kati ya vyombo vya nyumbani tunavyovitumia maabarani, sina ugomvi na maikrowevu. Kovu lililo kwenye kiganja changu cha kulia ni kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nayeyusha agarosi, unga wa mwani unaoganda kama jeli ukipoa. Nikaitoa chupa ikiwa imetulia tuli, utadhani haijapata moto. Nikaizungusha kidogo ili ichanganyike. Ikafura ghafla, ikamwagika, na ule uji wa moto ukaingia ndani ya glavu, ukanatia ngozini.

Kimiminika kinaweza kupita joto lake la kuchemka bila kutoa hata povu moja, halafu ukikigusa tu kinalipuka. Siku hizi sijazi chupa zaidi ya nusu, kifuniko nakilegeza kabisa, nasimamisha mara kwa mara kuizungusha, na mwisho naiacha itulie kabla sijaigusa. Basi. Kwa presha kuka ya kuulia vijidudu sina neno pia. Ile inayofikia presha ya pauni 15 kwa inchi ya mraba hufika nyuzi 121 za Selsiasi, joto lilelile la otoklevu (mashine ya maabara ya kuulia vijidudu kwa mvuke), mradi uuache mvuke uifukuze hewa yote kwanza ndipo uweke uzito juu. Nyingi za nyumbani hazifiki hapo, kwa hiyo soma kijitabu chake.

Friji ndiyo inayonitisha, tena kwa sababu haina vitisho. Haiunguzi, haipigi kelele, imekaa pembeni na mlango wake mweupe. Ndani yake mna themostati (swichi ya kuongoza baridi), taa na swichi ya mlango, na vyote hivyo vinaweza kutoa cheche. Sasa weka humo chupa ya etha, kimiminika kinachowaka upesi sana, yenye kifuniko kisichokaza. Mvuke wa etha unaweza kushika moto hata kwenye nyuzi 45 chini ya sifuri, na friji yako iko kwenye nyuzi 4 juu ya sifuri. Baridi hiyo haikusaidii kitu. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa, unatuama chini, na kwa kuwa mlango umebana hauna pa kutokea. Ukifikia takriban asilimia 2 tu ya hewa iliyomo, umetosha kulipuka kwa cheche moja. Usiku, watu wamelala, themostati inajiwasha.

Wengine huchomoa taa wakadhani wamemaliza. Themostati je? Na zile friji zisizoganda barafu zina hita ndani, ya kuyeyushia. Zipo friji zilizotengenezwa kwa kazi hii, swichi zote zikiwa nje ya sanduku, na bei yake inauma kweli. Mimi ningenunua hiyo kwanza, blenda na mizani vingoje. Fedha zikikosekana, etha na asetoni (nayo huwaka upesi) zikae kwenye kabati la vimiminika vinavyowaka, siyo kwenye friji.

(Blenda nayo mota yake hutoa cheche, kwa hiyo usisagie asetoni humo. Na ukisaga chenye vimelea, subiri matone yatue ndipo ufunue.)

Friji yetu nimeiandika mlangoni kwa rangi nyekundu: SI YA CHAKULA. Juzi nimekuta humo chupa ya maziwa imeegemezwa kwenye chupa ya kemikali. Niliinyanyua juu, nikauliza ni ya nani. Kila mtu akainamia kazi yake.