Nyuzi ziliachana lini?

Kimerudi tena kile kichwa cha habari: RNA yajinakili bila kimeng'enya, siri ya uhai yafichuka. Jamani! RNA ni uzi wa herufi nne, A, U, G na C, na hapa uzi mmoja umesomwa mara moja, basi.

Ukifungua utafiti wenyewe unakuta kianzio (kipande kifupi cha RNA) chenye rangi ing'aayo kimeshikana na kiolezo (uzi unaosomwa), bafa ya Tris ya pH 8, magnesiamu milimola 50 hadi 100, na nyukleotidi (herufi za RNA moja moja) zilizobebeshwa 2-aminoimidazoli, kemikali ya kuziamsha. Nyukleotidi mbili huungana kwanza kwa daraja la imidazoli, zikatua pamoja kwenye kiolezo, kianzio kikarefuka kwa herufi moja. Kisha EDTA ya kusimamisha mmenyuko, urea ya kunyoosha nyuzi, na jeli inayopanga vipande kwa urefu kama ngazi. Inapendeza, sikatai, na tumetoka mbali tangu wanakemia Inoue na Orgel na poli(C) yao, kiolezo cha herufi C tupu, mwanzoni mwa miaka ya 1980. G na C zinaingia kwa kasi. A na U zinasuasua, labda uweke 2-thiouridini (U yenye salfa) badala ya U.

Sasa niambieni: uzi mpya unauachanishaje na kiolezo ili nao usomwe? Mnasema joto. Kwa magnesiamu ile ile inayodaiwa na kunakili, jozi ya herufi 30 za RNA inang'ang'ana hadi karibu na kuchemka, na kwenye joto hilo magnesiamu inaanza kuikatakata RNA yenyewe. Haya, tuseme zimepeana talaka. Poza tu: eda haijaanza, zimesharudiana! Kurudiana ni sekunde au dakika. Kunakili ni saa, pengine siku. Na muda wote huo maji yanazila nyukleotidi zilizoamshwa, na zilizokufa hazikai pembeni kwa adabu, zinakalia kiolezo na kuziba njia.

Hapo sijagusa nyukleotidi za mkono wa kushoto, pacha za kioo za zile za kawaida, ambazo Joyce na wenzake walionyesha mwaka 1984 kwamba zinakwamisha kazi. Wala utando wa asidi za mafuta, ule unaodhaniwa kuzifunika seli za mwanzo, unaovurugwa na magnesiamu hiyo hiyo. Sitrati ya watafiti Adamala na Szostak ya 2013 huishika magnesiamu na kuuokoa utando, ndiyo, ila sitrati nyingi hivyo dunia ile changa iliinunua duka gani?

Wazo la 2021 la jenomu ya duara ya kufikirika, vipande vifupi vinavyopishana na kubadilishana violezo, angalau linalitazama swali usoni. Wengine nionyesheni jeli ya mzunguko wa pili, na wa tatu, bila mtu kusimama na pipeti akiongeza nyukleotidi mpya.